Kitundu cha Machozi: Kutoka Rubuga Hadi Tabora

Wengi mmeniuliza ilikuwaje mkunga wa Rubuga akaenda kukatwa jicho Tabora na kurudi nalo. Nimewajibu kisimani, shambani na mlangoni kwangu, kila mtu kipande chake. Sasa nataka kusimulia yote kwa mfululizo, kwa maana nimeona kipande kimoja kikimfikia mtu wa tatu kinakuwa jambo jingine kabisa. Yuko aliyeambiwa kwamba daktari Mhindi aliling'oa jicho langu, akaliosha kwenye beseni, akalirudisha. Hapana. Haikuwa hivyo, ingawa ilivyokuwa nayo ni ajabu ya kutosha.

Mimi ni Kalunde, mama yake Mihayo. Ukunga nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake, zamani zile misafara ya wapagazi ilipokuwa ikipita kwetu na wake waliofuatana na waume zao wakijifungulia njiani. Kazi hiyo nimeifanya tangu ujana. Baada ya ile vita kubwa ya pili niliugua macho yote mawili, yakavimba na kutoa tongo, kisha yakapona. Lakini la kushoto likabaki linachuruzika machozi. Haliumi, linaona vizuri, linalia tu. Asubuhi linalia, mchana linalia, nikicheka linalia. Nilizoea kutembea na kipande cha kaniki begani, napangusa huku naendelea na shughuli zangu.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Watoto walinitania kwamba nimegombana na upande mmoja wa uso wangu. Mzaha ulikwisha siku nilipokuwa namzalisha Kabula, binti wa jirani, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulikuwa umekolea na mambo yalikuwa yanakwenda sawa. Nikamwinamia ili nimwambie asukume. Chozi likadondoka kwenye kifua chake. Akanitazama usoni, akapiga kelele, "Mama, nakufa! Mkunga ananililia!"

Nikamwambia, "Hufi, mwanangu, ni jicho tu." Hakusikia. Nguvu zilimwishia, akalegea kama kitambaa kilichoroweshwa. Tulihangaika naye tangu asubuhi hadi jua kuzama, na mtoto akatoka hai, lakini nyote mnajua habari iliyotoka nyumbani mle. Kwamba Kalunde akianza kulia, mtu amekwisha.

Baada ya hapo wanawake wakaanza kumwita mkunga wa kijiji kingine, mwendo wa nusu siku. Siku moja nilikuwa nimeketi barazani napepeta mtama, nikamwona mume wa jirani yangu anapita mbele ya ua wangu mbio, hata salamu hakunipa. Alikuwa anakwenda kumwita huyo wa mbali. Mke wake alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, nami nilisikia kila sauti aliyotoa. Nilijua kwa sauti tu wakati wa kusukuma umefika. Sikuitwa, na asiyeitwa haingii. Mtoto alizaliwa mikononi mwa mdogo wa huyo mke, msichana asiyejua hata pa kushika. Alipona kwa bahati. Jioni ile nilimwambia mume wangu, "Baba Mihayo, nakwenda Tabora."

Tulikuwa tumesikia kwa dereva mmoja wa lori kwamba katika hospitali kubwa ya mjini yuko daktari Mhindi anayetibu macho. Mume wangu hakupenda. "Jicho linaona," alisema. "Utalipelekaje kwenye kisu jicho linaloona? Wakiliharibu, utarudi na nini?"

"Nitarudi na moja," nikamjibu. "Kwani sasa haya mawili yananifaa nini, kama hakuna anayetaka kunitazama usoni?"

Baadaye akaenda kumwomba dada yake anisindikize. Huyo ndiye wifi yangu Nyamizi, ambaye mnamjua: mwanamke mwenye miguu mirefu na maneno mengi, asiyekubali kupitwa na kitu.

Asubuhi na mapema tukashika njia ya kwenda Kigwa. Nyamizi alibeba unga na karanga, mimi nikabeba mkeka na sufuria. Njia ile ndiyo njia yenyewe ya misafara, ingawa siku hizi majani yameimeza mahali pengi. Baba yake Nyamizi aliipita akiwa kijana, amebeba pembe begani, akaenda nayo mpaka pwani. Nyamizi alinionyesha mahali palipokuwa na kambi: shimo la kisima kilichofukiwa, mawe ya mafiga yaliyozama ardhini, na tuta la boma lililoota miiba. "Hapa baba alilala na homa," alisema, "wenzake wakagawana mzigo wake." Tukasimama kidogo. Nilijaribu kuwaza vishindo vya watu wote wale na kengele ya kiongozi wao, lakini palikuwa na njiwa tu.

Baada ya hapo miombo ilikuwa imeangusha majani na upepo ulikuwa unapeperusha vumbi. Vumbi na jicho langu havipatani. Machozi yalitiririka mpaka kidevuni, nami nikapangusa na kupangusa kwa kaniki, kuelekea chini kama nilivyozoea, mpaka ngozi ya shavu ikawasha. Nyamizi akatembea upande wangu wa kushoto ili anikinge upepo. Hakusema kitu kuhusu jambo hilo, na kwa Nyamizi kutosema kitu ni zawadi kubwa.

Alasiri tuliingia Kigwa, kwa Mama Yohana, mwanamke Mkristo ambaye Nyamizi alifahamiana naye kwa biashara ya asali. Mama Yohana alitoka uani, akanitazama, akaniwekea mikono yote miwili mabegani.

"Poleni sana na msiba," akasema kwa sauti ya chini. "Nani ametutoka?"

Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kumwita binti yake alete maji, na jirani mmoja alikuwa amekwisha kukaa chini kujiunga na maombolezo. Nyamizi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia nguzo. Tulipoeleza, Mama Yohana naye akacheka, lakini akanishika kidevu na kunigeuzia kwenye mwanga.

"Ajabu," akasema. "La kulia haliwi hivi. Yote mawili yanaangalia moshi mmoja, lakini moja linalia na jingine halilii. Kwa nini?"

Lilikuwa swali zuri, na nilikiri kwamba sikuwahi kujiuliza hivyo. Siku zote nilijiuliza kwa nini la kushoto linalia. Sikujiuliza kwa nini la kulia halilii. Tulikula ugali na nsansa, mboga za majani makavu zilizoungwa karanga, tukalala na swali hilo.

Kesho yake tuliiacha njia ya misafara tukashika njia ya stesheni ya Igalula, na huko tukapanda gari moshi, daraja la tatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda. Nilishangaa jinsi miti ya karibu inavyokimbia na ya mbali inavyokwenda nasi. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu na kuku zake alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Nyamizi, "Mwache alie, mwanangu. Kuolewa mbali ni kazi." Nyamizi akamjibu kwamba mimi nimeolewa kabla yeye hajaota mvi. Behewa zima likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, jicho likilia.

Tulipofika Tabora jua lilikuwa bado kali. Stesheni ilijaa watu wa kila namna: Waha wa Kigoma, Wasukuma wa Mwanza, Waarabu na vikapu vya tende, askari wa likizo. Tukauliza njia ya Cheyo, kwa shangazi wa mume wangu, Bi Zuhura, aliyeolewa mjini na kusilimu tangu usichana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, piteni ndani. Huyu ndiye Kalunde? Ndilo jicho hilo?" Bi Zuhura hakuwa mtu wa kuzunguka. Alitupa maji ya kuoga, akatukalisha uani, akatumiminia kahawa chungu, kisha akanieleza kama mtu anayeeleza bei ya soko. "Daktari huyo namjua. Alimtengeneza jirani yangu, sasa anatunga uzi kwenye sindano. Mwingine wa mtaa wa pili alikwenda akiwa amechelewa, hakupata kitu. Mimi sikudanganyi. Lakini hasemi uongo, huyo Mhindi. Akishindwa atakuambia ameshindwa."

Nilipenda maneno hayo kuliko kama angenipa moyo.

Asubuhi tulikwenda hospitali. Tulingoja kwenye benchi refu pamoja na watu wenye macho ya kila namna. Nesi aliyetupokea alikuwa binti wa Ipuli, jina lake Agnesi, mchangamfu na mwenye mkono mwepesi. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia mimi ni mkunga. Akaniangalia upya. "Basi leo wewe utalala na sisi tutasimama," akasema.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye miwani na nywele nyeupe pembeni. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani. Hakuligusa jicho kwanza. Aliniuliza, "Mama, unadhani machozi yanatoka wapi?"

"Ndani ya jicho."

"Juu yake, pembeni kidogo. Na yakishatoka yanakwenda wapi?"

Nikafikiri. "Yanakauka."

"Machache yanakauka. Mengine?"

Nikakumbuka swali la Mama Yohana, nikamwambia, "Nami ndicho ninachotaka kujua. Kwa nini hili la kulia halilii?"

Daktari alitabasamu, akageuka na kumwambia Agnesi alete kioo. "Jicho lako la kulia linalia sasa hivi," akasema. "Macho yote yanalia mchana kutwa, kidogo kidogo, yasipate kukauka. Lakini la kulia lina pa kumwagia." Akanivutia kope la chini kwa kidole, akanipa kioo nitazame kwenye kona iliyo karibu na pua. "Unaona kidoa? Kama alama ya ncha ya sindano."

Nikatazama. Sikuona kitu. Nikageuza kioo kwenye mwanga wa dirisha, nikatazama tena, na hapo nikakiona: juu ya kinundu kidogo sana kwenye ukingo wa kope, kitundu. Kimekuwapo usoni pangu tangu nizaliwe. Nimeosha uso kila siku ya maisha yangu, nimetazama macho ya watoto wachanga wasiohesabika, na sijawahi kukiona. Nikakiangalia mpaka Nyamizi akaninyang'anya kioo ili atafute chake.

"Machozi yanaingia hapo," Daktari akasema, "yanapita kwenye mfereji mwembamba, yanashuka puani. Ndiyo maana mtu akilia kwa huzuni anapenga kamasi." Kisha akanionyesha jicho la kushoto. Kinundu kilikuwapo, lakini kilikuwa kimegeuka kutazama nje, mbali na jicho, na juu yake ulikuwa umeota utando wa ngozi. Kitundu cha kope la juu nacho kilikuwa chembamba, kisichoweza kubeba yote peke yake.

"Ugonjwa ule wa macho uliziba mlango," akasema. "Na wewe ukausukuma nje zaidi. Unapangusaje?"

Nikachukua kaniki nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Kila siku unavuta kope kwenda chini. Limelegea, limeliacha jicho. Sasa hata mlango ungekuwa wazi, machozi hayaufikii."

Ili anithibitishie alitia tone la dawa katika kila jicho, dawa ya rangi ya manjano iliyokuwa karibu na kijani. Tukangoja. Akanipa kipande cha kitambaa cheupe, akasema nipenge upande wa kulia wa pua. Rangi ikatoka. Upande wa kushoto, kitambaa cheupe kikabaki cheupe, na rangi yote ilikuwa ikinichuruzika shavuni. Nyamizi alisisitiza atiwe naye. Alipopenga na kuona pande zote mbili za pua zimetoa rangi alifurahi kana kwamba amefaulu mtihani, akaomba kitambaa akionyeshe kwa Bi Zuhura.

Kisha Daktari akaniambia mambo waziwazi. Hatagusa jicho lenyewe. Atafungua kitundu, atakata kidogo upande wa ndani kwa mkasi, ili mdomo wake upanuke na kutazama jicho badala ya kutazama hewa, na atatia uzi wa kulirudisha kope mahali pake. Kwa wengi linafaa. Kwa wengine ngozi inataka kuziba tena, na itabidi kuzibuliwa, pengine zaidi ya mara moja. "Huenda usikauke kabisa," akasema. "Kwenye upepo utalia kidogo."

"Kwenye upepo nani halii?" nikasema. "Kata."

Siku iliyofuata nililazwa kwenye meza chini ya taa. Walinitia matone, jicho likafa ganzi, kisha akanichoma sindano karibu na kona. Hiyo iliuma, sitawaficha. Iliuma kama kuumwa na nyuki mahali pasipo na nyama. Baadaye sikusikia tena maumivu, nilisikia kugusaguswa tu. Agnesi alinishika kichwa kwa viganja viwili. Daktari alichukua kijiti cha chuma chembamba kuliko sindano ya kushonea, akakiinamisha kuelekea kwangu.

Sasa nataka niwaambie jambo ambalo sikuwa nimelifikiri kabisa nilipokuwa naondoka nyumbani. Tangu mama yangu aliponizalisha Mihayo sikuwahi kuwa upande ule, upande wa aliyelala. Nilizoea kutazama chini. Sasa nilikuwa natazama juu. Na mtu aliyelala hana kitu cha kutazama ila uso. Haoni mikono inafanya nini. Haoni damu. Anaona uso tu, na anausoma kama mtu anayetafuta njia.

Nikasikia mkasi ukilia karibu na pua yangu, kidogo tu, kama panzi anavyotafuna jani. Nikamtazama Daktari. Alikunja uso. Mashavu yalimkaza, midomo akaibana, akanyamaza. Nikajiambia, amelikata jicho. Ameharibu na hataki kusema. Mikono yangu ikaanza kutetemeka, na yote aliyoniambia jana kwa upole yakanitoka kichwani. Nilimwona Kabula. Nilimwona pale alipolala akinitazama, na nikaelewa kilichomlegeza. Hakuwa mwoga wala mjinga. Alikuwa anasoma kitabu pekee alichopewa.

Agnesi alihisi natetemeka. Akaniinamia sikioni. "Mama, uso wake ndivyo ulivyo akifanya kazi. Akishona kifungo cha koti lake pia anakunja hivyo hivyo. Kila kitu kinakwenda sawa."

Daktari akasikia. "Nimekunja uso?" akauliza, bila kuacha kazi. "Samahani, mama. Kuna damu kidogo, natafuta njia yangu. Nimeiona. Sasa natia uzi." Tangu hapo akawa ananiambia kila anachofanya, na mikono yangu ikatulia.

Mwisho alichukua bomba dogo, akasukuma maji kwenye kitundu kipya. Ghafla nikasikia chumvi kooni. Chumvi! Maji yameingia kwenye jicho nami nayameza. Nilitaka kucheka lakini Agnesi alikuwa amenishika kichwa.

Siku zilizofuata nilikaa Cheyo na bendeji nusu ya uso. Bi Zuhura hakuniruhusu kukaribia moto. Kila nilipokwenda hospitali Daktari alisafisha kidonda na kupitisha kile kijiti cha chuma kuona kama njia iko wazi. Mara ya kwanza ilikuwa wazi. Mara ya pili kijiti kilikwama. Ngozi ilikuwa imeanza kushikana tena, kama alivyoonya. Aliniambia hivyo hivyo, bila kuzunguka, akatia ganzi na kuzibua. Nilirudi Cheyo nikiwa mnyonge. Machozi yalikuwa yanachuruzika chini ya pamba kama zamani, na Nyamizi, aliyekuwa amekwisha kununua vitambaa vya zawadi ya furaha, aliviweka kimya chini ya mkeka.

Tulirudi tena, na tena. Kisha asubuhi moja Daktari akatoa uzi, akatia tone la rangi ya manjano, akatuacha tukae. Agnesi akanipa kitambaa cheupe. Nikapenga upande wa kushoto. Sikutazama. Nilimpa Nyamizi atazame.

"Wifi," akasema. "Wifi, ni manjano."

Kabla ya kuondoka nilimuuliza Daktari swali lililokuwa linanikera tangu siku ya kioo. Nimewaona watoto wachanga wengi wanaotoka machozi jicho moja na kuamka kope zimegandana. Sisi tumekuwa tukiwatilia maziwa ya mama. Je, nao milango yao imefungwa?

Alivua miwani akanitazama kwa furaha. "Kwao mlango uko wazi," akasema. "Mara nyingi kilichofungwa ni mwisho wa mfereji, huko puani. Kwa wengi hufunguka wenyewe." Akanionyesha kwenye pua yangu mwenyewe: kidole safi, kucha fupi, kubonyeza polepole pembeni mwa pua karibu na kona ya jicho na kuteremsha, mara kadhaa kila siku. "Maziwa acha, maji safi yanatosha. Lakini sikiliza. Mtoto wa siku chache, macho yote mekundu, yamevimba, yanatoa usaha, huyo usimsugue. Mlete hospitali upesi, usingoje." Nikarudia maneno yake mpaka akaridhika.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Kigwa, Mama Yohana alitoka mwenyewe kuja kunitazama, akanigeuzia kwenye mwanga. Nikamjibu swali lake, na tukakaa uani kila mtu na kipande cha kioo, wanawake wa nyumba ile na majirani zao, tukitafuta vitundu vyetu. Waliokipata walipiga vigelegele. Mumewe Mama Yohana alipotoka na kutukuta hivyo aliuliza tumepotewa na nini machoni.

Kwenye miombo upepo ulivuma na jicho lilitoa machozi kidogo. Nilipangusa taratibu kuelekea puani, kama nilivyofundishwa. Nyamizi naye aliingiwa na vumbi machoni, akapangusa vilevile. Tulikuwa sawa.

Mlinipokea nyumbani kwa furaha, nawashukuru. Lakini hamkuniita. Jicho kavu halifuti habari kwa siku moja. Nilikaa majuma, nikasikia watoto wanazaliwa na mkunga wa mbali anapita. Nilianza kudhani nimetengeneza jicho tu na kazi imekwisha.

Kisha siku moja asubuhi, jua limepanda, Kasanda mhunzi alisimama mlangoni kwangu. Hakunidanganya. "Mkunga yule hayupo, amesafiri," akasema. "Mke wangu hataki uje. Lakini hali si nzuri. Njoo."

Milembe, mke wake, alikuwa amelala na macho makavu ya woga. Nilipoingia alinikazia uso na hakubandua macho. Alikuwa anangoja chozi. Zamani ningemwambia asiogope, basi, nikaendelea na kazi yangu kimya, kwa sababu mama yangu alinifundisha kwamba mkunga hasemi ovyo. Safari hii nilipiga magoti upande wa kichwa chake kwanza.

"Nitazame vizuri," nikamwambia. "Jicho hili limetengenezwa Tabora. Likilia, ni moshi wa jiko lako. Na nikikunja uso, mara nyingi nakuwa nasikiliza. Kila nitakachofanya nitakuambia. Kikiwapo kibaya nitakuambia pia. Huna haja ya kukitafuta usoni kwangu."

Vidole vyake vikalegea kwenye mkeka.

Nikaanza. Nikamwambia mtoto amekaa vipi, na kichwa kiko wapi. Nikamwambia apumue, na kwa nini. Kichwa kilipotokeza, vidole vyangu viligusa kitovu kimemzunguka shingoni, na nikajua uso wangu umebadilika, kwa sababu wake ulibadilika pale pale.

"Umeona nimekunja uso," nikasema. "Ni kweli. Kitovu kimemzunguka shingo, mzunguko mmoja. Nimekishika. Usisukume sasa. Nakipitisha juu ya kichwa. Taratibu. Kimepita. Sasa bega."

Nikanyamaza kidogo ili nisikie pumzi yake. Milembe akanishika mkono kwa nguvu.

"Endelea kusema, mama," akasema. "Usinyamaze."

Basi nikaendelea kusema. Nilimweleza bega la kwanza na bega la pili, nikamweleza mkono ulivyotoka umekunjwa ngumi. Nilikuwa katikati ya neno mtoto alipoteleza mikononi mwangu, akafungua kinywa na kunikatiza.